Mnoa visu aliyeurudishia upanga miaka yake mia saba

SAA moja na robo asubuhi manyunyu yanaudondokea mto Wupper, na Gerlinde Lohkamp tayari ameketi kwenye kigoda chake. Jiwe la kunolea linazunguka mbele ya magoti yake, limelowa. Kisu cha bucha kinalalamika kikiligusa, kisha kinatulia. Anakiinua, anakipitisha juu ya ukucha wa kidole gumba, anakitia kwenye kikapu cha vilivyokwisha.

Hicho ni cha kumi na tisa tangu afungue mlango. Itafuata mikasi ya wasusi wawili, halafu mundu wa jirani ambaye kila mwaka huapa kununua mashine ya kukatia nyasi, na kila mwaka hurudi na mundu uleule.

Kwa kisu kimoja hulipwa yuro nne. Pensheni yake ni yuro elfu moja mia moja na arobaini kwa mwezi, na kodi humeza nusu. Kwa kipato hicho, mwanamke huyu wa miaka 63 hakupaswa kuwa na la kusema kuhusu panga za zama za kati, vitu ambavyo kimoja kikiwa kizima huuzwa mnadani kwa bei ya gari jipya.

Lakini analo la kusema. Na tangu Februari mwaka huu, wakubwa wa fani hiyo wanakuja wenyewe hapa mtoni kumsikiliza, viatu vyao vizuri vikizama kwenye tope.

Ukutani, juu ya ndoo za maji, zimening'inia panga saba.

"Nne ni za uongo," anasema bila haya. "Mbili sijui. Mmoja ni wa kweli, tena nusu tu. Ulitolewa mtoni na mtu aliyekuwa akitafuta baiskeli yake."

Mumewe Egon, dereva wa basi mstaafu, anainua kichwa kutoka kwenye gazeti lake. "Wenzake wanakusanya panga," anasema. "Huyu wangu anakusanya vipande na aibu."

Gerlinde anacheka. Aibu anaijua, na hakuipata kwa jirani.

Amezaliwa hapa Solingen, mji wa Ujerumani ambao chuma ndicho kilichoulisha kwa mamia ya miaka. Babu wa baba yake, Ewald, alikuwa mnoaji. Babu yake alikuwa mnoaji. Bibi yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba visu kwa kikapu kichwani, kutoka hapa mtoni kupanda mlima hadi kwa matajiri waliovinunua. Gerlinde ndiye mwanamke wa kwanza wa ukoo huo kukaa kwenye jiwe lenyewe, na baba yake alipomkabidhi kigoda alimwambia maneno machache tu: ukipotewa na macho, uliza kidole gumba.

Miaka ishirini na miwili iliyopita alikiuliza. Daktari mmoja wa meno alikuwa amefariki na wanawe wanauza vitu vyake uani. Kati ya viti na vyungu kulikuwa na upanga mrefu, umevaa kutu, mpini wake wa ngozi umekauka. Gerlinde alifumba macho akapitisha kidole kuanzia mpinini hadi nchani.

"Nilihisi kama nimeshikwa mkono na mtu wa nyumbani," anakumbuka. "Machozi yalinitoka pale pale, mbele ya watu, nimeshika chuma."

Akalipa akiba yote waliyoiweka kwa ajili ya likizo ya baharini. Egon alikuwa ameshanunua kaptula ya kuvaa huko. Gerlinde akatangaza kuwa upanga ni wa karne ya kumi na tatu. Gazeti la mji likaandika, ukumbi wa parokia ukafunguliwa, tarumbeta zikapigwa.

Siku ya tatu akaja Dakta Volkhard Siemsen, mtaalamu wa silaha za kale, mtu mrefu mwenye adabu na kisanduku cha vipimo. Aliutazama upanga kwa saa nzima. Kisha akaomba ruhusa ya kufungua mpini. Ndani, katikati ya mkia wa chuma unaojificha chini ya mbao na ngozi, palikuwa na muhuri mdogo wa herufi mbili: E na L.

Ewald Lohkamp. Babu wa baba yake mwenyewe.

Katika zama za Ewald, matajiri walijijengea majumba mapya yenye sura ya ngome za kale, na walitaka panga za kutundika ukutani. Wanoaji wa mtoni waliwatengenezea. Ewald aliwatengenezea vizuri kuliko wengi, akapiga muhuri wake ndani ili mtu yeyote atakayefungua ajue. Waliofunga midomo baadaye ni wauzaji.

Mji mzima ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mji mwingine ungesamehe. Solingen, ambako mtoto wa shule huokota kisu na kukuambia kimenolewa karakana gani, haukusamehe. Muuza mikate alianza kumuuliza, kila asubuhi, kama ana hakika huo ni mkate. Gerlinde hakugusa upanga kwa miaka mitatu.

Kisha majira fulani ya baridi, mto umeganda na kazi hakuna, aliutoa ule upanga wa Ewald chini ya kitanda. Akafumba macho tena. Kidole kikapita, na juu kidogo ya katikati kikazama mahali fulani, kidogo sana, kama tandiko la farasi. Akachukua kisu kirefu alichokinoa yeye mwenyewe juma lile. Kikazama mahali palepale.

"Ni goti," anaeleza. "Mnoaji husukuma chuma kwenye jiwe kwa goti, na wa kwetu tunahamisha goti pale, tangu enzi za mababu. Baba alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa hivyo. Mkono wangu haukukosea hata kidogo. Ulimtambua mzee wake. Kichwa ndicho kilichokimbilia kusema karne ya kumi na tatu."

Kuanzia siku ile akageuza kazi yake juu chini. Wataalamu wengine hutafuta upanga unaowagusa moyo. Yeye hutafuta usiomgusa.

"Upanga ukinipendeza haraka, nauogopa," anasema. "Wazee wetu walinoa vizuri mno."

Akaanza kununua panga bandia, zile ambazo hakuna anayezitaka, apate kuzijua kama mtu anavyowajua mashemeji zake. Huu una goti la kushoto. Huu umepita kwenye mashine. Huu mwenye nao aliuzika kwenye samadi ya farasi miezi sita upate kutu ya uzee. Na akajiwekea sharti moja: kidole kwanza. Hasomi karatasi, hasikilizi hadithi ya ukoo, hatazami hata rangi, mpaka kidole kimekwisha kusema. Wateja huudhika, maana mwenye upanga ana hamu ya kuongea kuliko bibi harusi.

Oktoba iliyopita ilisimama gari mlangoni, akashuka Burkhard Tönnes, mwenyekiti wa chama cha walenga shabaha wa Erlenrath, mji mdogo ulio mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Kifuani alikuwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa cha meza. Akafungua mdomo.

"Usiniambie kitu, Bwana Tönnes," Gerlinde akamkatiza. "Weka mezani, unywe kahawa."

Tönnes akanywa kahawa, akala vipande viwili vya mkate wa zabibu, huku akimtazama mama huyu aliyefumba macho akipapasa chuma kama anayetafuta swichi ya taa. Ilichukua muda mrefu. Kidole kilikwenda, kikarudi. Mfereji wa katikati ya upanga uliyumba kidogo kushoto. Unene ulipungua kwa namna asiyoijua. Hapakuwa na tandiko popote. Hapakuwa na goti la mtu yeyote aliyewahi kumjua.

"Haukunipokea," Gerlinde anasema. "Ulinitazama kama mgeni anavyotazamwa. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio."

Ndipo alipomruhusu Tönnes aseme, na Tönnes akamwaga yote. Upanga huo huongoza maandamano ya sherehe ya chama kila Juni tangu mababu wa mababu. Mwaka jana bima ilitaka hati, wakamwita mtaalamu, naye akaandika kuwa ni wa kuiga, wa karne ya kumi na tisa. Vijana wa chama wamegoma kutembea nyuma ya pambo la ukutani. Februari mkutano mkuu utaamua: kama ni wa kuiga, utatundikwa juu ya mapipa ya bia na hautaandamana tena.

"Mtaalamu gani?" Gerlinde akauliza, ingawa alishaanza kukisia.

"Dakta Siemsen. Na ameandika umetengenezwa na nani. Ndiyo maana nimekuja hapa." Tönnes akasogeza kikombe. "Niambie ukweli, Bibi Lohkamp. Huu ni wa kwenu?"

Kwenye daftari la mikutano la chama, mwaka 1887, palikuwa na mstari mmoja: upanga umefika kutoka kwa Lohkamp wa Solingen, na wanachama wameufurahia. Hakuna aliyeandika kama kwanza ulipelekwa huko kutoka Erlenrath.

Gerlinde alijua neno lake litapokewaje. Akisema si wa kwetu, watasema analipiza kisasi. Akikosea, atakuwa amekosea mara mbili, mbele ya mtu yuleyule, kuhusu babu yuleyule. Jioni ile alimwambia Egon kuwa akishindwa safari hii, hatatamka tena neno upanga maishani. Karakana itabaki ya visu na mikasi.

"Linde," Egon akamwambia, "tukichekwa tena tutahamia wapi? Basi lenyewe walishaninyang'anya."

Hata hivyo yeye ndiye aliyeendesha gari hadi Erlenrath.

Ukumbi ulijaa. Wanachama mia moja na arobaini, supu ya njegere na soseji kwenye kila meza, upanga katikati juu ya kitambaa cheusi. Dakta Siemsen alisoma ripoti yake kwa sauti tulivu. Sababu zilikuwa tatu. Chuma ni safi mno, hakina ngozi nyeusi ambayo karne saba huacha. Kirungu cha mwisho wa mpini kimefungwa kwa skrubu, jambo lisilokuwapo zama hizo. Na daftari linataja Lohkamp.

Gerlinde alisimama akasema yote matatu ni kweli. Kisha akauliza ukumbi ni nani humu amewahi kuusafisha upanga huu.

Mikono ikainuka. Ishirini, arobaini, zaidi ya sitini. Erlenrath wana desturi: Jumamosi ya kuamkia maandamano, mwanachama aliyeoa mwisho huketi uani na kuusugua upanga kwa unga wa tofali, siki na kipande cha kiazi. Wakwe humzunguka wakinywa. Haruhusiwi kuinuka mpaka mama mkwe aone meno yake ndani ya chuma.

"Mimi nilirudishwa mara tatu," akasema mzee mmoja wa meza ya nyuma. "Na mama mkwe mwenyewe hakuwa na meno."

Ukumbi ulipomaliza kucheka, Siemsen alikuwa anatabasamu naye. Alikubali. Unga wa tofali kwa vizazi vyote hivyo ungemaliza ngozi yoyote. Lakini skrubu ilikuwa palepale, na Lohkamp alikuwa palepale.

"Basi tufungue mpini," Gerlinde akasema. "Humo hakuna mkwe aliyewahi kufika."

Siemsen aliuchunguza uzi wa ngozi, akathibitisha kuwa mpini huo si mkongwe kuliko 1887, kwa hiyo hakuna cha kale kitakachoumia. Tönnes akaitikia kwa kichwa. Gerlinde akachukua kisu chake kidogo, akakata uzi, akafungua skrubu, akatenganisha vibao viwili kama mtu anayemenya karanga. Mkia wa upanga ukatokea.

Na kwenye mkia ule, wazi kabisa, palikuwa na muhuri. E na L.

Egon aliweka kijiko chini. Siemsen alivua miwani, na wanaomjua wanasema hakuonekana kufurahi hata kidogo.

"Pole, Bibi Lohkamp," akasema.

"Nilijua nimekwisha," Gerlinde anasimulia, na hata leo sauti inamshuka. "Niliwaza: Ewald, umenifanyia tena. Nikatamani sakafu ipasuke. Halafu nikakumbuka kwamba nimetazama kwa macho. Nimevunja sharti langu mwenyewe."

Akafumba macho mbele ya watu mia moja na arobaini, akaweka kidole gumba juu ya muhuri wa babu, akakisogeza taratibu kuelekea upande wa makali. Kidole kikapanda ngazi. Ngazi ndogo, unene wa ukucha.

Akaomba kitambaa na pombe kali, ambayo Erlenrath haikosekani, akasugua. Rangi mbili zikatokea. Kipande cha mwisho, chenye muhuri na skrubu, kilikuwa cha kijivu na laini. Kilichobaki chote, hadi kwenye makali, kilikuwa cheusi, chenye vishimo kama ganda la mkate wa shayiri.

"Daktari," akaita, "njoo na kidole chako."

Siemsen akaja. Akaweka kidole, akakisogeza, kikapanda. Akatoa lenzi na taa, akainama kwa muda mrefu mpaka supu ikapoa. Alipoinuka aliugeukia ukumbi, si Gerlinde.

"Mkia umeungwa," akasema. "Muhuri uko kwenye kipande kilichoungwa tu. Kilichobaki hakikutoka kwa Lohkamp. Ripoti yangu ina kosa, na aliyelipata ni Bibi Lohkamp."

Makofi, watu wanasema, yalisikika hadi kituo cha treni. Egon alikumbatiwa na watu asiowajua, akamaliza supu yake na ya mwenyekiti. Gerlinde alibaki ameketi, ameushika ule mkia, akilia waziwazi kama siku ile uani kwa daktari wa meno.

"Kisa chake ni chepesi," anasema. "Waliuleta umekatika mkia. Ewald akaunga, akapiga muhuri pale alipofanya kazi, na pengine pote hakugusa. Angeweza kuudai wote. Hakuudai. Miaka ishirini na miwili nilikuwa namwonea haya mtu mwaminifu."

Vipimo vya eksirei vilikuja wiki sita baadaye. Ndani ya chuma ilionekana mistari ya takataka za tanuri la kale, ambayo chuma cha kiwandani hakina. Karibu na mpini palionekana kivuli cha msalaba ndani ya duara, uliowahi kujazwa shaba, ukasuguliwa ukaisha na vizazi vya waume wapya. Ripoti mpya inasema nusu ya pili ya karne ya kumi na tatu. Ina sahihi mbili, na Siemsen alisisitiza ya Gerlinde itangulie.

Tangu hapo panga thelathini na moja zimeletwa mtoni. Ishirini na saba zimerudi nyumbani na wenyewe wamenuna. Hajajitajirisha kwa hilo: kukagua upanga anatoza yuro thelathini, na mwenye upanga wa uongo hunolewa kisu kimoja bure, asiondoke mikono mitupu. Muuza mikate siku hizi humwita profesa. Gerlinde humuuliza kama ana hakika.

Mwezi uliopita Siemsen alikuja peke yake, bila kisanduku cha vipimo. Alikunywa kahawa, kisha akauliza kama ule upanga wa kwanza bado upo. Gerlinde akaushusha ukutani. Akamwambia afumbe macho. Mtaalamu huyo alipapasa mara nne kabla ya kulipata tandiko la goti, na alipolipata alicheka kama mtoto aliyeona samaki.

Kutokana na siku hiyo kumezaliwa mpango. Kuanzia Septemba, kila Jumamosi, chumba cha pembeni cha karakana kitakuwa shule. Meza ndefu, vitambaa vya kufunga macho, panga za kweli na za uongo zikiwa zimechanganywa. Siemsen ataleta za kweli. Gerlinde atatoa za uongo, na anasema hapo ndipo darasa lilipo.

Lakini kwanza kuna Juni. Chama cha Erlenrath kimepiga kura, na kwa mara ya kwanza mwanamke, tena mgeni, ndiye atakayeubeba upanga mbele ya bendera. Gerlinde alikubali kwa sharti moja: unga wa tofali marufuku.

Sharti hilo lilikaribia kuzua vita. Aliyeoa mwisho mwaka huu ni Jannik Rehbein, mwoka mikate, na mama mkwe wake, Agathe Küppers, ameingoja zamu yake kwa miaka mingi. Alipiga simu karakana mwenyewe.

"Bibi Lohkamp, mimi niliwavumilia mama wakwe wa kaka zangu wote watatu," akasema. "Sasa zamu yangu mnaniambia hakuna kusugua?"

Gerlinde akafikiri kidogo, akaangalia ukutani. Kisha akampa jibu ambalo limewaridhisha wote. Chuma cha karne ya kumi na tatu kipumzike. Jannik atapewa unga wa tofali, siki na kiazi kama waume wote waliomtangulia, na atasugua kile kirungu cha mwisho wa mpini, kile cha skrubu, cha mwaka 1887, mpaka Bi Agathe aone meno yake yote.

"Kile ni cha Ewald," anasema Gerlinde, akirudi kwenye kigoda na kuchukua mundu wa jirani. "Nitaushika upanga wa watu nisiowajua, na babu yangu atakuwa juu ya ngumi yangu, anang'aa. Nataka wa Solingen waje waone."

Egon tayari ameshanunua kaptula ya kuvaa siku hiyo.